Rudia Nilichokutuma

Jumatano, tarehe ishirini na mbili Oktoba. Jua liliwahi kutoka, upepo wa vumbi ulianza hata kabla ya saa moja, na mawingu yaliyokuwa upande wa Kongwa jana yameondoka bila kuaga.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari asubuhi ile, nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, nimevaa nguo za kijani ambazo si zangu na viatu vya plastiki vilivyonizidi. Niliandika hali ya hewa kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuandika kingine. Ndani walikuwa wanamwandaa baba yangu. Walikuwa wanakwenda kumfungua kichwa akiwa macho, ili aongee wakati wanakata, na mtu wa kusikiliza maneno yake na kusema kama yako sawa nilikuwa mimi. Nikisema sawa, daktari anaendelea. Nikisema kosa, anaacha. Akikata kupita kiasi, baba anaweza kubaki bila maneno. Akiacha mapema, uvimbe unabaki mwingi. Mimi nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni kushona sare za shule. Mwingine hakupatikana, maana hospitali nzima hapakuwa na anayejua Kisandawe.

Nieleze tulivyofika hapo, ingawa sina hakika kama nitapanga vizuri.

Baba ni mkulima na mrina asali wa Chemba. Kiswahili chake ni cha mnadani: bei, ng'ombe, mvua, habari za huko. Kisandawe ndicho alichotulelea. Ni lugha yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa au pembeni ya meno, na ukikosea kidoko umesema neno lingine au hujasema kitu. Herufi za shuleni hazina alama zake. Kwa hiyo humu maneno ya baba nayaandika kwa Kiswahili, na hapo tayari nimeshayagusa.

Nyumbani kwetu mtoto hakutumwa hivi hivi tu. Baba akikutuma kwa jirani anakusimamisha mlangoni, kidole kimoja juu: "Rudia nilichokutuma." Unarudia neno kwa neno. Ukiongeza hata heshima ambayo yeye hakuisema, unaanza upya. Alikuwa anasema maneno ya mtu ni mzigo alioufunga mwenyewe, kazi yako ni kuubeba, si kuufungua njiani ukaupanga upendavyo. Kaka yangu alilizwa sana na jambo hilo. Mimi nilikuwa hodari. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ya nilichokuja kufanya.

Mwaka huu, wakati wa kupura uwele, baba alianguka akatetemeka, akaamka amejing'ata ulimi. Baada ya wiki ikatokea tena. Watu walisema yao. Wako waliosema ni mzinga wa mtu aliouvuna zamani bila ruhusa, na siwezi kuwaita wajinga, maana hata mimi niliwaza hivyo kwa siku mbili nzima. Kaka akampandisha basi, akaja kwetu Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma.

Kwangu alikaa kama mtu mwenye afya. Ukimwambia leta kigoda, analeta. Akianza kusimulia habari za nyuki, hadithi inatiririka, ingawa neno moja moja lilikuja kombo. Siku moja kaka alipiga simu, akampa salamu za shangazi. Nikamwuliza, "Kaka amesemaje?" Baba akafungua mdomo, likatoka neno lenye kidoko kisicho chake. Akalirekebisha, likaja jingine. Akarekebisha tena, likawa limeharibika zaidi. Akajipiga kofi gotini, akaacha. Yeye aliyetufundisha kurudia alikuwa hawezi kurudia.

Pale hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, alituonyesha uvimbe upande wa kushoto. Nilimwuliza kama umekaa juu ya maneno yake.

"Hapana, na hilo ndilo gumu," alisema. "Kuna sehemu ya kupokea maneno, hapa nyuma. Yeye hiyo ni nzima, ndiyo maana anakuelewa. Kuna sehemu ya kuyaunda maneno, hapa mbele. Nayo ni nzima, ndiyo maana anaongea. Kati ya hizo mbili zipo nyuzi nyingi zinazopeleka habari toka huku kwenda kule. Uvimbe umekaa njiani."

"Kama cherehani," nikasema, halafu nikaona aibu.

"Kama cherehani vipi?"

"Sindano inaweza kuwa nzima, na bobini nzima, lakini zikiacha kupatana, mshono unaruka. Fundi mpya anabadilisha sindano. Anabadilisha uzi. Mshono unaruka vilevile."

Alicheka kidogo. "Basi umeelewa kuliko wanafunzi wangu. Ila ubongo unaishinda cherehani kwa jambo moja. Njia ikibanwa, sehemu nyingine za mbali zinaanza kusaidia kupitisha habari kwa kuzunguka. Ndiyo maana siku nyingine utamwona yuko vizuri. Lakini anachoka haraka." Kisha akasema anataka kujua nyuzi zimebanwa kiasi gani, au kama zimesukumwa pembeni tu. Kujua ni kwa kumjaribu maneno, na kwa lugha yake mwenyewe. Mimi nitafsiri.

Basi ikaanza. Picha ya kwanza ilikuwa meli. Baba hajawahi kuona meli. Akasema, "Nyumba ya chuma." Nikasema, "Sawa, ameijua," kwa sababu niliona si haki kumhukumu mtu wa Chemba kwa meli. Mpaka leo naona haikuwa haki. Lakini nilipaswa kumwambia daktari hivyo, sikupaswa kujibu badala ya baba. Picha ya pili ilikuwa kuku. Akasema kitu kisichokuwa kuku wala chochote.

"Amesemaje?"

"Kuku," nikasema.

Nesi aliyekuwa anaandika, Mgogo wa hapahapa mwenye maneno mengi, akaingilia: "Nyie Wasandawe nyie! Kwa jinsi mnavyogonga ulimi, hata ukisema kuku ni kama unamwita kuku mwenyewe aje!"

Tukacheka wote, na baba akacheka, maana hilo alilielewa. Kicheko kile kikanipitisha bila kushtukiwa. Sitaki kumsingizia nesi, hakujua.

"Sasa mwambie arudie," daktari akasema. "Mvua imenyesha, watoto wamekimbilia ndani."

Nikamwambia. Baba alinitazama machoni kama mtu anayepimwa uzito. "Mvua imenyesha," akasema vizuri, kisha, "watoto wame... wame..." na yaliyofuata yalikuwa mabaki ya vidoko yasiyo na mwenyewe.

"Amesema sawa?"

"Sawasawa kabisa, daktari."

Sikuamua. Au niliamua, sijui. Kwetu mtoto hamvui nguo mzazi wake mbele za watu, na yale maneno yaliyovunjika yalikuwa kwangu kama baba amesimama pale uchi. Nilimfunika. Kila alipokosa, nilimfunika, na mara ya mwisho nilifanya hivyo kwa urahisi hata nikajishangaa.

Daktari aliangalia karatasi, akaangalia picha ya kichwa. "Ajabu. Nilitegemea shida zaidi. Basi nyuzi zimesukumwa tu, hazijabanwa. Hakuna haja ya kumweka macho. Tutamlaza usingizi, tuutoe wote."

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Jioni ile tumekaa uani, baba akaweka kikombe chini. Akasema kwa lugha yetu, "Leo kule nilisemaje, ya mvua na watoto? Rudia."

Nikarudia: mvua imenyesha, watoto wamekimbilia ndani.

Akanitazama kwa muda mrefu. "Hayo ya kwako," akasema. Hakunigombeza. Aliondoka na kikombe chake, akakaa upande wa pili wa nyumba hadi nikamwitia chakula.

Nikamwambia mume wangu. Yeye ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na baba ni mkwe wake, kwa hiyo alianza kwa kunisogeza mbali ili mzee asisikie.

"Usiende kusema," aliniambia. "Watatuona wahuni. Watatuondoa kwenye orodha ya upasuaji, tuanze tena kungoja."

"Na akiamka hana maneno?"

"Na akifa tunangoja?"

"Lakini nimedanganya."

"Umedanganya kwa heshima. Hata mimi ningefanya hivyo kwa mama yangu."

Nataka ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya kwa kusema vile. Ndiye aliyemshika baba kila alipoanguka hapa kwetu, na jambo aliloliogopa lilikuwa la kuogopwa. Nilikaa na neno lake siku mbili. Nilikuwa nikishona marinda ya sare, mshono unaruka, kumbe cherehani haina kosa, ni mguu wangu unaokanyaga pedali kombo.

Siku ya tatu nikaenda. Nilimkuta daktari anakunywa chai kwa kusimama. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, na meli nikaitaja, na kuku.

Akaweka kikombe. "Mama," akasema, "unajua nilikuwa nakwenda kukata wapi?"

"Sijui, daktari."

"Mimi nilidhani najua. Nilikuwa naingia palepale kwenye nyuzi, nikiamini ni salama, kwa sababu wewe uliniambia." Niliona mkono wake umeshika ukingo wa meza. "Mimi Kisandawe sijui. Ubongo wa mzee nauona kwenye picha, lakini kazi yake naiona kupitia kwako tu. Wewe nawe uko njiani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hukuelewa siku ile. Haya, mlete Ijumaa."

Hakunisamehe kwa maneno, wala sikutarajia. Ila hakutuondoa kwenye orodha. Akanipa maneno matatu tu ya kutumia: sawa, kosa, sina hakika. "Hilo la tatu usiliogope," akasema. "Hilo ndilo linalonisaidia kuliko yote."

Tukaacha zile picha za meli. Kaka alitutumia kwa simu picha za vitu vya nyumbani: mzinga, kibuyu, shoka, kanga wa porini, nungunungu, kinu, bibi mmoja jirani yetu aliyesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ijumaa baba alijaribiwa upya. Niliposema "kosa" mara ya kwanza nilishindwa kumtazama. Mara ya pili nikasikia anaguna. Nikageuka, nikakuta ananiangalia vile alivyokuwa akiniangalia mlangoni zamani, nilipofika mwisho wa ujumbe bila kuacha kitu.

Makosa yalikuwa mengi, hasa ya kurudia. Daktari akamweleza, akinisimamisha kila baada ya sentensi ili nibebe kidogo kidogo: kumlaza usingizi sasa ni hatari. Njia iliyopo ni kumfungua akiwa macho. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ngozi itatiwa ganzi. Tutagusa kwa kijiti chenye umeme mdogo, na kila tunapogusa, ataongea. Tukigusa nyuzi, neno litapotea kwa muda huo. Hapo tutaacha. Kitakachobaki kinaweza kukua tena. Au tuukate uvimbe wote, na labda asiongee tena. Achague yeye.

Baba alifikiri. Kisha akasema, nami nikabeba kama yalivyokuwa: "Amesema, 'Mzinga hauvunwi chungu chote. Unaacha masega, nyuki wabaki.' Amesema chungu. Nadhani alitaka kusema hauvunwi wote, lakini amesema chungu."

Daktari akaandika. Nikaona ameandika hadi hilo la chungu.

Sasa nirudi kwenye benchi. Saa tatu na nusu walinifungulia. Sikuona kichwa cha baba, na namshukuru aliyetundika lile pazia. Niliona uso wake tu, amelalia ubavu, jicho moja liko wazi, mdomo mkavu. Nesi yuleyule alikuwa na tableti ya picha. Safari hii hakuwa na utani.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Kuna baridi humu."

"Sawa," nikasema kwa sauti, na nyuma ya pazia daktari akajibu, "Tumeanza."

Mzinga. Sawa. Kibuyu. Sawa. Shoka. Alichelewa, likaja. Sawa. Sikujua wanagusa wapi, niliambiwa nisiulize, ili masikio yangu yasipendelee. Nikamwambia arudie, "Nyuki wamehama." Akarudia. Sawa. Kinu. Akafungua mdomo, jicho likanitafuta, hakuna kitu kilichotoka, hata pumzi. "Kosa!" Daktari akasema kitu kwa wenzake, na baada ya kidogo neno likarudi lenyewe, baba akalisema kwa nguvu kama anamfukuza mtu. Wakaweka alama pale.

Tukaendelea hivyo sijui saa ngapi. Nilikuwa nimeshika mkono wake na jasho lilikuwa langu. Kila niliposema sawa, nilijua kisu kinasogea. Kila niliposema kosa, nilijua naacha kitu kibaya ndani ya kichwa cha baba yangu. Sikuwa na upande wa kukimbilia.

Kisha ikaja picha ya mnyama mmoja wa porini. Jina lake kwetu lina kidoko mbele. Baba alilisema. Alilisema lote, sauti ya juu na ya chini mahali pake, ila kidoko hakikuwepo. Au kilikuwepo hafifu. Nesi alinitazama. Kwa mtu asiyejua lugha, baba alikuwa amejibu vizuri kabisa.

Mdomo wake ulikuwa mkavu. Ulimi mkavu haugongi vizuri, hata mimi nikiwa na kiu naweza kukosa. Nikikataa bure, wanaacha nyama ambayo wangeweza kuitoa.

"Sina hakika," nikasema.

"Mpanguse mdomo," daktari akasema. Nesi akamgusa midomo na ulimi kwa pamba yenye maji. Picha tena. Baba akasema. Hakuna kidoko. Akajua mwenyewe, maana alikunja uso, akajaribu tena, na ulimi ukapita pale kwenye kidoko kama mtu anayepita mlango uliozibwa.

Nilimtazama. Naye alinitazama. Wala hakunisihi kitu.

"Kosa," nikasema.

Nyuma ya pazia: "Basi. Hapa ndipo mwisho. Tunafunga."

Baadaye daktari alinikuta kwenye korido, amevua kofia, nywele zimelala kwa jasho. Akasema wametoa sehemu kubwa, na kipande kimebaki kimeegemea nyuzi. Watakifuatilia kwa picha. Nilimwuliza, je, kama ulikuwa ukavu wa ulimi tu?

"Inawezekana," akasema. "Sitakudanganya. Ningekuwa najua, nisingekuhitaji."

Hilo ninalo hadi leo. Siku nyingine nasadiki nilisikia sawasawa. Siku nyingine, nikiwa nashona, nasikia lile neno tena na kidoko kimo, hafifu, na ndani ya kichwa cha baba kuna kipande kilichobaki kwa sababu yangu. Sina namna ya kuamua.

Saa kumi na moja jioni waliniruhusu kumwona kwa dakika chache. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, jicho moja limevimba. Walinionya kwamba maneno yatayumba siku za mwanzo. Aliponiona aliinua kidole kimoja, kile cha mlangoni.

Akanituma. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Kisha akasema lile neno, na lilikuwa na vidoko vyake vyote: "Rudia."

Nikarudia kila kitu, hata pale alipopotea. Akafumba jicho.

Nyumbani mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na binti yetu nyuma yake.

"Anaongea?" akauliza.

"Anaongea. Kipande kimebaki. Na amenituma."

"Amesemaje mzee?"

"Amesema, 'Wapike ugali wa uwele. Na mlenda. Waweke mvua. Wale, wasiningoje.'"

"Waweke nini?"

"Mvua."

Mume wangu akanitazama, akatazama juu, ambako hapakuwa hata na wingu. "Atakuwa alitaka kusema nini?"

"Sijui. Nimebeba nilichopewa."

Binti yetu akasema babu hapendi mlenda usio na karanga, labda ni karanga. Labda. Akatwanga karanga. Jioni ile tulikula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na kijiko kimoja cha asali ya Chemba kila mtu. La mvua tumelihifadhi, tumwulize mwenyewe.